Kilti ya Baba, Kamba ya Kwanza

Nimeshona kilti, zile sketi nzito za marinda wanazovaa wanaume wa kwetu, kwa miaka thelathini na moja, na kila kilti inayotoka mezani kwangu inatoka na karatasi. Karatasi moja tu, herufi kubwa, upande mmoja, kwa sababu nawajua wanaume. Nimeeleza humo jinsi ya kukaa nayo kwenye gari, jinsi ya kushuka, na jinsi ya kusafiri nayo kwa ndege bila kujiaibisha. Wateja wengi huisoma. Yuko mmoja kule Dingwall ameibandika kwenye mlango wa friji. Kaka yangu Farquhar, niliyemtumia kilti ya marehemu baba yetu kwa posta pamoja na karatasi hiyohiyo, hakuisoma hata mstari mmoja.

Nitasema yote kama yalivyokuwa. Anayetaka kuniona mkali na anione.

Baba alikuwa anazikwa saa saba na nusu mchana, ibada yote palepale kaburini, ndivyo alivyotaka mwenyewe. Farquhar alikuwa aje na ndege ya asubuhi kutoka London, atue Inverness saa tatu. Niliondoka kijijini kabla sijatia chochote tumboni, nikaendesha karibu saa mbili, nikasimama pale wanapotokea abiria. Wakatoka watu wote wa ndege ile, na wanamuziki wawili, na mbwa mmoja. Kaka yangu hakutoka. Baada ya dakika ishirini akapiga simu kusema amechelewa kidogo, atakuja na inayofuata. Kidogo, anasema. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka saa tano kasoro dakika kumi.

Alipotokea nilimwona kwa mbali, maana alikuwa ameivaa kilti. Neno la kwanza kabisa kwenye karatasi yangu ni hili: usisafiri nayo mwilini. Zile ni yadi nane za sufu nzito, na marinda ishirini na saba niliyoyapiga pasi mimi mwenyewe usiku wa kuamkia siku ya kuituma. Unayabana marinda kwa uzi, unaiviringisha kama mkeka, unaisukuma ndani ya mguu wa soksi ndefu ya kike, unaibeba kwapani. Ukifika unakoenda, unavaa. Hakuna mtu anayeshindwa kufanya hivyo isipokuwa anayetaka kutazamwa.

Nikamuuliza nini kilimchelewesha. Akaniambia, macho makavu, kwamba kisu kilimponza. Kile kisu kidogo cha baba, chenye mpini wa pembe ya kulungu, ambacho huchomekwa kwenye soksi. Alipita nacho kwenye ukaguzi kikiwa kwenye soksi. Wakamsimamisha, wakamvua soksi mbele za watu, na badala ya kuomba radhi akaanza kuwaeleza mambo ya mila zetu. Mila! Mtu aliyekuja nyumbani mara nne katika miaka sita. Ndege ikaondoka yeye bado anatoa hotuba, na kisu wakakichukua, kimekwenda hicho. Baba alikuwa nacho tangu ana miaka kumi na tisa. Kisu kinakwenda kwenye begi la kupakia chini ya ndege, nimeandika, na nimepiga mstari chini yake mara mbili.

Sikumkumbatia. Nilimwambia twende.

Garini nilikuwa nimemtandikia taulo, kwa sababu viti vyangu ni vya ngozi ya bandia na paja tupu huganda juu yake. Akalitupa nyuma. Kisha akaingia kama anavyoingia mtu mwenye suruali, mguu mmoja mbele, akajiangusha. Nilisikia marinda yakisagika. Unageuka, unaupa mlango mgongo, unapitisha migongo ya viganja nyuma ya mapaja mpaka chini, kulia na kushoto, marinda yalale, ndipo unakaa, ndipo unaingiza miguu yote miwili kwa pamoja. Baba alikwenda kanisani na kilti kila Jumapili kwa miaka hamsini, anaendesha mwenyewe, na anashuka marinda yamenyooka. Nilimshusha Farquhar, nikamwingiza upya. Nikamwambia akisogeze ubavuni kile kikoba cha ngozi kinachoning'inia mbele, asije akafunga mkanda juu yake. Akacheka, akasema nimekuwa kama mama. Mama aliondoka duniani nikiwa na miaka tisa, kwa hiyo hata sikumbuki vizuri alikuwa vipi.

Basi tukashika njia. Tulipopita Garve, akafungua mdomo.

"Ishbel, kuhusu zile kamba—"

"Usinitajie kamba," nikamwambia. "Taja kitu kingine chochote. Taja hali ya hewa."

Na hapa lazima niseme habari ya kamba, maana ndiyo habari yenyewe.

Kwetu jeneza haliteremshwi na mashine wala vibarua. Linateremshwa na watu wa marehemu, kwa kamba nane zenye namba, na kila kamba ina jina la mtu. Namba moja iko kichwani. Namba moja ni mtoto mkubwa wa kiume, akikosekana yeye ni ndugu wa marehemu, akikosekana huyo ni watoto wa ndugu, alimradi awe na ndevu. Jumamosi, baba akiwa na siku moja tu tangu afariki, baba mdogo Lachlan alikuja jikoni kwangu, akala soseji zangu, akaniambia kwamba namba moja ni ya Farquhar na hilo halina mjadala, na kwamba mimi nitasimama kwenye ukuta wa makaburi na wake za wanaume. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ni kazi nzito. Nzito! Miaka sita nilimwinua baba kitandani, nikamgeuza, nikamwogesha, nikamkalisha, nikamlaza. Uzito wa kichwa chake naujua kuliko ninavyoujua uzito wa pasi yangu. Na Lachlan, ambaye hajawahi kuinua hata kikombe alichonywea, ananieleza uzito.

Niliitaka ile kamba. Sitaki kuzunguka. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka nyumba, mume, au kitu chochote cha dukani. Na ilikuwa ya mtu huyu aliyekaa kando yangu akiwa amekalia marinda.

Ukiacha barabara kuu baada ya Ullapool, njia inakuwa nyembamba, gari moja tu, na vituo vidogo vya kupishania. Ilikuwa Juni, na yale magari ya watalii ya kulala yalikuwa yamejaa, kila moja lina upana wa zizi na dereva asiyejua kurudi nyuma. Nilipishana nayo nikiwa na hasira, na hasira haina breki. La tatu tulilikosa kwa unene wa kidole. Farquhar alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Simama," akasema. "Nipe usukani, utatuua."

Nilisimama kwa sababu alisema kweli, na kwa kuwa alisema kweli nikazidi kumchukia. Tukabadilishana viti. Kabla hajakaa nikaangalia mbele ya kilti yake, na hapo ndipo nilipoona pini.

Kilti inafungwa mbele kwa mapande mawili, moja juu ya jingine. Pini inachomwa pande la juu peke yake. La juu tu. Kazi yake ni uzito na urembo, haikuwekwa kufunga kitu. Lakini asiyejua huogopa upepo, huona pande lile litapeperuka, basi anachoma yote mawili pamoja, na anajiona mjanja. Nikamwambia aitoe. Akasema ataitoa tukifika, kuna upepo. Nikasema itachana. Akasema, Ishbel, tumechelewa, panda gari. Nikapanda. Ningekuwa nimeichomoa mwenyewe tusingefika huko, na hilo najilaumu hadi leo.

Aliendesha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Magoti pamoja, pande la mbele amelitandaza, alikuwa ameanza kusikia. Kisha baada ya kona ya ziwa tukakuta kondoo jike amelala katikati ya barabara na mwanawe. Akapiga honi. Kondoo akamtazama. Akapiga tena. Basi bwana mkubwa akafungua mlango akaruka nje kumfukuza, kama vile ana miaka kumi na miwili na bado anakaa kijijini. Pini ilikuwa imenasa kwenye wenzo wa kusogezea kiti, ule ulio upande wa mlango. Yeye akaenda, pini ikabaki.

Sauti ile naifahamu. Ni sauti ninayoiota nikiwa na homa. Ingekuwa imeshika pande la juu peke yake, kitambaa kingefunguka, aibu kidogo, tungeendelea. Kwa kuwa ilishika yote mawili, kilti nzima ilivutwa. Pande la mbele lilichanika urefu wa kiganja, na kamba ya ngozi ya kiunoni ikang'oka na kipande cha sufu. Farquhar alisimama barabarani ameishikilia kwa mikono miwili isianguke. Kondoo naye akaondoka zake kwa hiari.

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini, na kufika kulitaka dakika ishirini na tano. Nikamuuliza suruali yake iko wapi. Akasema London. Nikamuuliza tena, nikidhani nimesikia vibaya. Alikuwa amekuja msibani na mswaki, shati, na chaja ya simu.

Nilimwambia aivue. Akaivua nyuma ya mlango, akajifunga blanketi la mbwa wangu lenye manyoya ya mbwa, akakaa kiti cha nyuma. Mimi nikatoa kopo la sindano chini ya kiti, ambalo halijawahi kukosekana humo, nikaiweka kilti ya baba mapajani. Gari la watalii likasimama karibu nasi. Mwanamke akateremsha kioo akiwa na kamera, akauliza kama anaweza kumpiga picha bwana yule. Nilimjibu kwa lugha yetu ya nyumbani, na nadhani alielewa.

Niliingiza uzi. Kisha mkono ukasimama wenyewe. Naapa sikuwa nimepanga. Lakini nilitazama ile kilti, nikamtazama yeye na miguu yake myeupe ikitokeza kwenye blanketi, nikaona kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka sita ananihitaji, na mimi nina sindano.

"Nitashona," nikasema. "Lakini namba moja ni yangu. La sivyo utamteremsha baba ukiwa na blanketi la mbwa."

"Sawa," akasema.

"Sawa nini?"

"Ni yako, Ishbel."

Basi. Hakubisha, hakuomba, hakufikiri hata kidogo. Na ndipo damu iliponichemka kwelikweli. Ningemwelewa angegoma. Kumbe kitu nilichokililia usiku na mchana, kilichonifanya nimfukuze Lachlan jikoni na sahani yake, kwake yeye kilikuwa kama peremende unayompa mtoto anyamaze. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia mengi. Nilimwambia kuhusu ile Krismasi aliyosema theluji imefunga njia wakati barabara zote za kutoka London zilikuwa kavu. Nilimwambia baba alikuwa akiita jina lake na mimi naitikia, naitikia kwa sauti nzito, ili alale. Hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Akavuta pumzi. "Nilitaka nikuambie tangu kule Garve. Ile kamba—"

"Funga mdomo wako. Nashona."

Nilishona nusu saa, mishono mikubwa ya aibu, mishono ambayo mwanafunzi wangu akiipiga namfumulisha yote. Kamba ya ngozi niliirudishia kwa uzi wa nta, mara nne. Pini nikaichoma pande la juu, peke yake, mbele ya macho yake. Akavaa. Mara hii aligeuka mwenyewe, akapitisha viganja nyuma, akakaa marinda yamelala. Niliendesha mimi.

Makaburi yetu yako ukingoni mwa maji, na watu walikuwa wamejaa hadi nje ya lango. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini na mbili. Baba mdogo Lachlan alikuwa ameshika saa yake mkononi. Alitazama mishono kwenye kilti, akanitazama mimi kana kwamba nimeichana mimi. Nikasema moyoni, subiri tu, mzee, subiri uone atakayekwenda kichwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno tayari, yamepangwa, ya Lachlan na ya mchungaji na ya yeyote atakayesogeza ndevu zake.

Magnus, msimamizi wa mazishi, alikuwa langoni akigawa kadi. Kila mshika kamba hupewa yake, ina ukingo mweusi, imechorwa jeneza na namba nane kulizunguka, na kila namba na jina lake. Alimpa Lachlan. Akampa Farquhar. Kisha akaja kwangu, akainamisha kichwa, akanipa moja.

Nilidhani amekosea. Niliisoma nikiwa nimesimama katikati ya njia. Namba moja, kichwani: Ishbel. Namba mbili, miguuni: Farquhar. Lachlan alikuwa wa tatu. Haikuwa imeandikwa kwa kalamu. Ilikuwa imechapwa, herufi za dhahabu, kama zote nane.

Nikamuuliza Magnus zilichapwa lini. Akasema Jumatatu. Mtoto mkubwa ndiye hupanga majina, akasema, na kaka yako alinipigia simu Jumatatu asubuhi kabla sijafungua ofisi. Baba yako mdogo alipiga baadaye kutaka kubadilisha, akaambiwa kadi zimeshachapwa. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nikamwendea Farquhar. Alikuwa akijipangusa manyoya ya mbwa kwenye koti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijaribu mara mbili."

"Ungesema kwa nguvu."

"Ulikuwa na sindano," akasema.

Sijui mtu hufanya nini na hasira iliyokosa mwenyewe. Nilikuwa nayo kifuani, ya miaka sita, moto kabisa, nimeibeba kilomita mia mbili kwenda na kurudi, na sasa sina pa kuiweka. Nilimkasirikia hata kwa hilo. Kwamba hata haki ya kumchukia siku ile ameninyima. Na Krismasi ile bado ilikuwa Krismasi ile, na kisu bado kimepotea. Hakuna kilichofutika. Lakini Magnus aliita namba moja, na miguu yangu ikaenda.

Nilisimama kichwani kwa baba. Lachlan alikuwa mkono wangu wa kulia, shingo nyekundu. Wake zao walikuwa ukutani, na mmoja wao, shangazi Kirsty, alikuwa analia waziwazi akinitazama mimi badala ya jeneza. Farquhar alikuwa mbele yangu, kule miguuni, na kutoka pale niliona mishono yangu yote ilivyopinda. Mchungaji akasoma. Mvua ikaanza, ile nyembamba. Magnus akatoa ishara, wakavuta mbao zilizolishikilia jeneza, na uzito ukaja mikononi.

Niliujua. Ulikuwa uleule. Nadhani ndiyo sababu nilikosea, kwa sababu mikono ilitaka kufanya ilichozoea, kumlaza haraka kabla mgongo wake haujauma. Niliachia kwa kasi mno. Kichwa kikazama, miguu ikabaki juu, nikasikia watu wakivuta pumzi.

"Polepole, mdogo wangu," Farquhar akasema kwa sauti ya chini. "Niangalie mimi."

Nikamwangalia. Akaachia kidogo, nikaachia kidogo. Hivyo hivyo, shibiri kwa shibiri, hadi kamba zikalegea.

Zikilegea, unaziachia. Ndiyo desturi, kila mtu anatupa ncha yake shimoni, na kamba zinakwenda naye. Lachlan akatupa ya kwake. Wengine wakatupa, moja baada ya nyingine, zikigonga jeneza. Mimi vidole vilikataa. Miaka sita sikumwachia hata kwenda sokoni bila kutafuta mtu wa kukaa naye, na siku zote nane hizi nimeitaka ile kamba kwa hasira kiasi kwamba sikuwahi kufikiri kazi yake ni ipi. Hakuna aliyeniambia kwamba anayepewa namba moja anapewa kumwachia.

Mvua ikaongezeka. Lachlan akakohoa. Mchungaji akafunga kitabu chake asilowe. Nikainua macho, nikaona Farquhar naye bado ameshika. Mtu ambaye hajawahi kumngoja yeyote maishani mwake alisimama pale, maji yanamchuruzika magotini, ameishikilia namba mbili, wala hakunihimiza. Alingoja hadi yangu ilipoanguka, ndipo akatupa ya kwake.